Kitabu cha nne cha mfululizo wa riwaya A Song of Ice and Fire wa George R. R. Martin: Tyrion yuko wapi?

Wakuu wa Dar, A Feast for Crows kilitoka 2005, miaka mitano baada ya cha tatu, halafu wahusika wakuu Tyrion na Daenerys hawana hata sura moja! Inauma. Kisomwe vipi?

Jibu: Mkuu, muswada ulinenepa mno, mwandishi akaugawa kwa wahusika, si kwa wakati. Hao wamo kitabu cha tano, A Dance with Dragons cha 2011. Sehemu yake ya kwanza inakwenda sambamba na cha nne.

Jibu: Wengine huchanganya sura za vitabu hivyo viwili. Mazungumzo ya wahusika Jon na Sam yamo katika vyote viwili, oanisha kuanzia hapo. Lakini kwa usomaji wa kwanza usichanganye, utapoteza mtiririko wa sura za malkia Cersei, na ndio utamu wenyewe.

Jibu: Mkitafuta cha mtumba Posta, angalieni jalada: toleo la Uingereza la jalada laini limekigawa cha tano juzuu mbili.