Mfumuko wa bei asilimia 4.9? Watu wa takwimu, hilo kapu lenu mnalipimia wapi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jana natoka kazini nikapita dukani kwa Mangi kuchukua mchele kilo mbili. Elfu saba! Nikauliza tena nikidhani kakosea, akaniangalia kama mtu aliyetoka jela. "3,500 kilo, kaka, na huo si wa Kyela." Maharage 4,000. Sembe 2,000. Nikaishia na unga kilo moja, dagaa na mafuta ya kupima ya 500.

Hapo kwenye mafuta ndipo nilipochoka. Bei haijapanda, ila kikopo kimekatwa. Simaanishi kwa mafumbo, kimekatwa kwa kisu cha moto, ukingo umeungua na umepinda upande mmoja. Nilipomwonesha akacheka: "Dumu la lita 20 unajua nanunua bei gani?" Sijui, na wala simlaumu.

Nafika nyumbani, taarifa ya habari: mfumuko wa bei hapa Tanzania kwa mwaka ulioishia Januari 2023 ni asilimia 4.9. Tuko vizuri, eti Kenya wako 9 na Uganda wamepita 10. Sasa mimi nikanunue mchele wa takwimu?

Ngoja niwaambie mchezo ulipo. Humo humo kwenye hiyo taarifa, chakula peke yake kimepanda karibu asilimia 10. Kinachokimeza ni kapu, yaani ile orodha ya bidhaa na huduma wanazopimia mfumuko, kila kitu na uzito wake. Tangu kapu lilipobadilishwa mwaka 2021, chakula kimepewa uzito wa asilimia 28.2, kutoka 38.5 ya zamani. Yaani anayehesabiwa humo ni mtu ambaye kwenye kila elfu kumi, msosi unamla chini ya elfu tatu. Huyo mtu anaishi wapi? Kwangu tuko sita, mke anachoma vitumbua, mimi napokea mshahara, tukijumlisha vyote zaidi ya nusu inaishia jikoni. Na hapo nyama tumeshaisahau.

Najua watakuja wa "vita ya Ukraine". Sawa, ngano na dizeli nakubali. Mpunga wa Ifakara nao ulilimwa Ukraine? Mvua zilikuwa haba, mahindi yakavushwa mipakani, usafiri ukapanda, haya yote yalionekana mapema kabisa. Ruzuku ya mbolea nimeisikia na ni jambo jema, ila mbolea ya msimu huu nitaila mwezi wa tano au wa sita. Leo nile nini?

Ile nyongeza ya mshahara ya asilimia 23.3 ya mwaka 2022 hata sitaki kuizungumzia. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka, Julai ikanisomea shilingi 12,000, ndipo tukaambiwa ile ilikuwa ya kima cha chini cha mshahara tu. 12,000 ni kilo tatu za maharage.

Msiniambie mfumuko uko chini. Semeni mfumuko wa nani. Toeni na kapu la mpangaji wa chumba na sebule tulione, chakula kiwekwe uzito wake, halafu mje mtulinganishe na majirani.

Wa Mbeya, Kahama, Shinyanga, Songea, mchele huko mnanunuaje? Wekeni bei hapa. Na muweke ya kilo, vikopo sitaki kuvisikia.