Timu ya kanisa kwenda kuhudumu kwa wakimbizi wa mjini nje ya nchi: kipi kibaki, kipi kitoke?

Mratibu_Timu:
Bwana asifiwe wapendwa. Tuko 12, tutakaa siku 10 kwenye mji wa nchi ambayo haijajiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Hakuna kambi, wakimbizi wamepanga vyumba mitaani. Mwenyeji ni kanisa dogo ambalo wakimbizi wenyewe ni waumini. Mpango: mabegi 8 ya nguo, dawa za kawaida, maziwa ya kopo kwa watoto wachanga, masomo ya watoto asubuhi, na kutembelea nyumba kwa nyumba jioni. Nikosoeni.

Mpangaji:
Mtumishi, hilo la mkataba umelipita haraka na ndilo linaloamua mengine yote. Katika nchi kama Malaysia au Thailand, sheria ya uhamiaji inaweza kumhesabu mkimbizi kuwa mhamiaji asiye na kibali hata kama ana kadi ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kadi inaweza kumsaidia akisimamishwa, lakini si kibali cha kuishi wala cha kazi. Usalama wake ni kutoonekana. Wageni 12 wa fulana za rangi moja wakipanda ngazi, jengo zima linajua nani anaishi ghorofa ya nne. Mwenye nyumba akiingiwa na hofu, atakayetolewa vyombo nje si ninyi.

Nendeni wawili wawili pamoja na mwenyeji, kwa mwaliko, nyumba moja au mbili kwa jioni. Picha za nyuso hapana. Hata picha ya mlango ina shida, kwa sababu kamera ya simu huweza kuhifadhi mahali ilipopigwa ndani ya faili lenyewe. Zimeni ruhusa ya kamera kujua mahali kabla ya safari. Aliyeikimbia serikali yake huenda ana ndugu aliowaacha nyuma, na picha ikisambaa inaweza kuwaletea shida.

Na viza? Mara nyingi ya utalii hairuhusu kufundisha, hata bure. Ulizeni mapema. Mkimdanganya afisa wa uhamiaji, kanisa mwenyeji ndilo litakaloitwa kujieleza mkisharudi kwenu.

Stoo:
Nguo toa. Zinakula uzito wa mizigo, saizi hazilingani, na kuzichambua kunawachosha wenyeji.

Dawa toa pia. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa misaada ya dawa unataka ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja zinapofika, na maandishi yasomeke kwa wahudumu wa afya wa huko. Vidonge vilivyokusanywa majumbani havifiki hapo. Tena nani atamfuatilia mgonjwa siku ya 11?

Maziwa ya kopo ndiyo yanayonitisha zaidi. Mtoto akianza kopo ananyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Kopo likiisha, mama hana pesa ya kununua lingine, anazidisha maji ili lililobaki lifike mbali. Maji yenyewe yakiwa machafu, kuhara kunaanza. Mama mwenye shida ya kunyonyesha aelekezwe kliniki.

Pesa ya mizigo mkabidhini mwenyeji, manunuzi yafanyike huko huko. Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataja sabuni ya kuogea gramu 250 na ya kufulia gramu 200, kila mtu kwa mwezi. Familia 40 za watu watano ni kilo 90. Msigawe kwa foleni mlangoni pa kanisa. Kila familia ipewe saa yake. Orodha ya familia iandaliwe na watu wa zaidi ya kabila moja, kwani kiongozi mmoja huwakumbuka wa kwao, na wajane na waliohamia juzi husahaulika. Ibaki kwa mwenyeji, isiingie kwenye simu zenu.

Mratibu_Timu:
Asante, nimefuta mistari mitatu. Vipi masomo? Na mtu akituomba tumsaidie apelekwe nchi ya tatu, yaani nchi nyingine itakayompa makazi ya kudumu?

Mwalimu_wa_zamu:
Masomo: mwulizeni mwalimu wa pale amefika wapi, kisha mwe wasaidizi wake. Mkileta mtaala wa siku 10 mnamvunjia ratiba, na watoto wanawazoea watu wanaoondoka. Gawanyeni watoto kwa uwezo wa kusoma, si kwa umri; wa miaka 13 anaweza kuwa hajawahi kukaa darasani. Daima watu wazima wawili chumbani. Msimwambie mtoto asimulie alivyokimbia, na msimtumie kumtafsiria mama yake mambo ya hospitali. Mkalimani naye aulizwe kwanza kama familia inamkubali: lugha moja haimaanishi upande mmoja wa vita.

Nchi ya tatu: wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi duniani. UNHCR hupendekeza majina, nchi inayopokea ndiyo huamua. Canada ilikuwa ikipokea maombi ya vikundi vya raia kudhamini, lakini mwishoni mwa 2024 ilisitisha maombi mapya ya vikundi hivyo, na mdhamini sharti awe huko. Kwa hiyo mjibuni waziwazi: "Hatuna uwezo huo." Msipokee nakala za nyaraka zake, maana kuzipokea tu ni ahadi machoni pake. Mwambieni pia kuwa huduma za UNHCR ni bure. Anayedai pesa ya kusogeza faili ni tapeli.

Stoo:
Nyongeza kidogo: siku ya sabuni isiwe siku ya ibada. Asiye wa imani yenu atakaa hadi "amina" kwa kuogopa jina lake kukatwa.