Paa la nyumba ya mama Kimara: nimepewa bei tatu, kazi nimpe nani?

Binti wa Kimara
Habari za jioni wapendwa. Nyumba ya mama yetu ilipauliwa mwaka 1998 na sasa paa limechoka. Masika iliyopita tulikuwa tunapanga beseni nne sebuleni, na silingi ya chumba cha mama imeanza kushuka. Nataka kazi iishe kabla ya Machi. Nimeita watu watatu:

Wa kwanza fundi wa hapa mtaani. Vifaa ninunue mwenyewe, ufundi shilingi 1,400,000, na anataka 1,000,000 mkononi kabla ya kuanza. Wa pili fundi sanifu mwenye vijana wake, ufundi na usimamizi 2,100,000 kwa mafungu matatu, vifaa vyangu pia. Wa tatu kampuni, 14,800,000 kila kitu juu yao, nusu siku ya kusaini mkataba.

Mama anamtaka wa kwanza kwa sababu wanasali pamoja. Mimi nipo njia panda. Mliopitia haya nisaidieni.

Mzee wa Kenchi
Mwanangu, nimepaua nyumba zaidi ya miaka 20, nisikilize. Kati ya hao watatu, nani alipanda darini? Kama wote walisimama uani wakatazama juu na kukutajia bei, basi hakuna aliyeiona kazi.

Panda wewe na kijana mwenye tochi saa sita mchana, kisha mzime tochi. Kila tundu litawaka kama nyota. Yakiwa yamejipanga kwenye mistari ya misumari, huenda aliyepaua alipigilia bondeni mwa bati badala ya mgongoni. Maji hutiririka bondeni, yanakuta tundu, yanashuka na msumari mpaka kwenye mbao. Hapo chukua bisibisi uichome mbao pembeni ya msumari. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mbao hiyo imekwisha. Ikigoma, bado nzima. Ukishajua ngapi zimeoza ndipo uzungumze bei.

La pili, kila mmoja akuandikie geji ya bati, yaani namba ya unene wake. Watu wengi wanadhani geji 30 ni nene kuliko 28 kwa kuwa namba ni kubwa. Ni kinyume chake. Mtu anaweza kukushushia bei kwa hilo tu na wewe ukamshukuru.

Saiti Kwanza
Dada, hizo bei tatu huwezi kuzilinganisha zilivyo, kwa sababu mbili hazina vifaa. Piga hesabu ya mabati, mbao, kofia (bati la kufunika kilele cha paa), misumari na silingi kwa bei ya dukani, ujumlishe kwa hao wawili.

Kampuni ikuoneshe cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, kisha ulitafute jina lake kwenye orodha ya bodi mwenyewe. Bodi hiyo ipo kwa sheria ya mwaka 1997, na makandarasi wa majengo wamepangwa daraja la kwanza hadi la saba. Wengine watakuonesha cheti cha BRELA. Hicho kinathibitisha kampuni imeandikishwa, hakisemi kama wanajua kupaua.

Mama Wawili
Mimi natofautiana kidogo. Kampuni niliyowapa kazi ya jiko langu walikuja na fulana nzuri siku ya kusaini. Siku ya kazi waliletwa vijana wa kijiweni kwetu, wale wale ambao ningewaita mwenyewe. Vigae vilianza kulia ndani ya miezi minne, simu haipokelewi. Uliza wazi ni nani hasa atakayepanda juu ya paa, na jina lake liwe kwenye mkataba.

Mwana wa Muscat
Nilituma hela ya kupaua nyumba yangu kutoka huku Oman. Nikawa naletewa picha kila wiki, paa linapendeza. Siku moja nikaona tangi la bluu nyuma ya nyumba. Kwangu hakuna tangi. Ilikuwa nyumba ya mtu mwingine kabisa. Tangu siku hiyo nataka simu ya video, mtu aanzie getini na atembee hadi ndani bila kukata.

Kuhusu ile milioni moja ya mwanzo: fundi mwenye saiti tatu, hela yako inamalizia kazi ya mtu wa juzi, na yako itasubiri hela ya mtu wa kesho. Huenda si mwizi, ila wewe ndiye utakayelowa.

Likoni Kwetu
Huku Kenya tuna NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na pamoja na makandarasi husajili hata mafundi, kwa hiyo mimi huuliza kadi. Lakini kadi sijaitegemea peke yake. Huomba nipelekwe nyumba iliyomalizwa kitambo, nikaongee na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo.

Binti wa Kimara
Nimerudi. Vifaa vimefika 6,900,000. Kwa hiyo fundi wa mtaani ni 8,300,000, fundi sanifu 9,000,000, na kampuni 14,800,000. Darini tumehesabu matundu 37, karibu yote kwenye mistari ya misumari. Mbao saba bisibisi imezama.

Niliwaomba wote wanipeleke kwenye nyumba waliyoipaua si chini ya miaka mitatu iliyopita. Kampuni walinitumia picha. Fundi sanifu alinipeleka nyumba ya mwaka jana, kazi safi kwelikweli. Fundi wa mtaani alinipeleka Mbezi kwa bibi mmoja. Bibi akanikalisha barazani akaniambia paa lilivuja kwenye kofia masika ya kwanza, akapiga simu, fundi akaja jioni ile ile na kuziba. Akaja tena mwaka uliofuata kukagua, bila kuomba hata nauli.

Nilikaa naye nikamwambia milioni moja siwezi. Tumekubaliana 300,000 ya kuanzia, 500,000 mbao zikishabadilishwa, 400,000 bati la mwisho likipigwa, na 200,000 ibaki mpaka mvua kubwa tatu zipite. Tumeandika na kusaini mbele ya mjumbe, mama akiwa shahidi. Fundi sanifu amekubali 100,000 aje siku moja kukagua mbao kabla bati halijapanda. Nilihofia fundi wetu atachukia, akasema afadhali, wawili wataona zaidi.

Mzee wa Kenchi
Umefanya vyema mwanangu. Ongeza kwenye karatasi hiyo: misumari yenye mpira chini ya kichwa, ipigwe mgongoni. Na siku ya mbao tupia picha hapa kabla ya saa nne, nami nitazitazama.