Corolla ya Baba inalia ka-ka-ka

Kaka Mkubwa: Shikamooni. Corolla 110 ya Baba, nikikata kona kushoto inalia ka-ka-ka-ka. Ikinyooka, kimya. Na Jumamosi harusi Tanga. Fundi wa mtaani kanitajia bei nikajifanya napigiwa simu. Nataka nifungue mwenyewe hapa nyumbani.

Mjomba Gereji: Marahaba. Ukikata kushoto mzigo unalalia kulia. Hiyo ni siivii (CV joint), kiungo kinachozungusha tairi hata likikata kona. Ni ile ya nje, kulia. Inama uangalie raba inayoifunika, nyuma ya tairi.

Kaka Mkubwa: 📷 Imepasuka. Grisi imeruka mpaka kwenye rimu.

Dada Mdogo: Si ulisema ni kokoto imenasa kwenye tairi? Tangu Ramadhani 😂

Mjomba Gereji: Ungewahi wakati ule ungemaliza kwa raba mpya, grisi na klipu mbili. Sasa mchanga umeshaingia, golori zimekula njia zake. Kuvisha raba mpya juu ya hiyo ni kuziba jino lililooza. Nunua siivii.

Mjomba Gereji: Shafti, chuma kinachotoka gia boksi kuzungusha tairi, utaitoa nzima. Chomoa kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, legeza nati ya kati, spana 30, gari likiwa bado chini na mtu kakanyaga breki. Ndipo upige jeki. Na weka stendi! Mtu halali chini ya jeki tupu.

Mama: Umemsikia lakini?

Kaka Mkubwa: Nimesikia Mama.

Kaka Mkubwa: Bol jointi, kile kiungo cha chini ya tairi, nimeiachia, ila shafti imegoma kutoka kwenye habu, pale katikati tairi linapofungwa.

Mjomba Gereji: Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, weka kipande cha mbao, gonga. Ukigonga uzi mtupu hakuna nati itakayoingia tena. Upande wa gia boksi usivute, chokonoa na bisibisi pana. Tega beseni, oili itamwagika.

Mama: Beseni lipi?

Kaka Mkubwa: Mjomba 😩 nimevuta. Imekuja nusu, siivii ya ndani, ya upande wa gia boksi, imeachana. Kuna vigurudumu vitatu, kimoja kimeanguka mchangani.

Mjomba Gereji: 🤦🏾‍♂️

Mjomba Gereji: Nimeandika USIVUTE. Haya, osha vyote kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi mpya. Kama vinazunguka bila kukwaruza, umepona. Na ile oili sili, raba inayozuia oili ya gia boksi isivuje, usiikwaruze.

Shangazi Tanga: Kwani mkija na basi mtapungukiwa nini?

Kaka Mkubwa: Niko Gerezani, kwenye maduka ya spea. Wananiuliza siivii ya Corolla ipi.

Mjomba Gereji: Umebeba ya zamani?

Kaka Mkubwa: Nina picha.

Mjomba Gereji: Picha haihesabiki meno! Rudi ukaibebe. Meno ya ndani, meno ya nje, na kama yako ina pete ya ABS, ile ya breki zisizogandisha tairi, mpya nayo iwe nayo. Isipolingana hata jino moja haiingii.

Dada Mdogo: Karudi na daladala, kakumbatia chuma ndani ya rambo. Shati la Eid lote grisi.

Kaka Mkubwa: 🎤 0:19

Kaka Mkubwa: Mmesikia? Nimezunguka uwanja wa shule kushoto, nimezunguka kulia, usukani mpaka mwisho. Kimya!

Mjomba Gereji: Hongera. Kotapini mpya umeweka? Oili ya gia boksi umejaza iliyopotea?

Kaka Mkubwa: Vyote.

Mjomba Gereji: Basi mkifika Msata simameni, kaza tena nati za tairi.

Kaka Mkubwa: Sawa. Mama, tutoke saa kumi na moja alfajiri?

Mama: Mimi na mdogo wako tumeshakata tiketi za basi. Wewe tangulia na mabegi.