Naomba ushauri: kurusha vimifuko vya maharagwe kwa wazee waliokaa vitini

Zamu_ya_Asubuhi
Hamjambo wadau. Nasimamia shughuli za asubuhi katika makao ya wazee hapa Nairobi, upande wa Thika Road. Wazee ni 12, wa miaka 68 hadi 91. Nataka wacheze kurusha vimifuko wakiwa wamekaa vitini, wakilenga karai. Maswali yangu ni mawili tu: nijaze maharagwe au kitu kingine, na karai likae umbali gani? Jibuni haraka tafadhali, fundi ananisubiri.

Cherehani_Kongwe
Maharagwe yanafaa ila yana maadui wawili, fukusi na unyevu. Kimifuko kikimwagikiwa chai hakioshiki, maharagwe yanavimba na kuoza humo ndani. Kwa hiyo shona viwili kwa kimoja: cha ndani cha pamba nyepesi, kifungwe kabisa, cha nje cha drili au jinzi chenye zipu, kivuliwe na kufuliwa. Kabla ya kujaza, maharagwe yalale kwenye friza siku nne ili mayai ya wadudu yafe. Mshono upite mara mbili, hasa pembeni, maana hapo ndipo hufumuka kwanza. Jaza theluthi mbili. Ukishindilia, kinadunda kikitua na vidole vyenye baridi yabisi havipati pa kushika. Chembe za plastiki ni bora zaidi kwa sababu unafua kimifuko kizima. Mchanga achana nao, unavuja vumbi.

Mpenda_Kete
Mbona msiwape bao? Mashimo 32, kete 64, na akili inafanya kazi. Au ajua, mchezo wa aina hiyohiyo wenye mashimo 16 tu. Kurusharusha vitu ni kwa chekechea.

Nyonga_na_Goti
Bao ni zuri, lakini linachezesha vidole na akili. Bega na kiwiliwili havipati kitu. Tumjibu dada swali lake.

Umbali: anza na mita moja kutoka vidole vya miguu. Akiingiza vitatu kati ya vinne, sogeza karai nusu hatua. Akikosa vyote, lirudishe kabla hajakata tamaa. Arushe kwa kubembea mkono kutoka chini, kama anayewamwagia kuku mahindi, si kwa kuinua mkono juu ya kichwa. Bega bovu halitaki hivyo. Asizuie pumzi, ahesabu kwa sauti anaporusha, kwa sababu kujikaza bila kupumua hupandisha presha. Karai la bati lina faida yake: kimifuko kikitua linalia, hata mwenye mtoto wa jicho anajua amepata. Dakika 20 hadi 30 zatosha, saa nne asubuhi baada ya chai kushuka.

Sasa nijibu mimi. Kila kimifuko kina uzito gani? Viti ni vya aina gani? Na nani anaokota?

Zamu_ya_Asubuhi
Asante sana. Uzito ni gramu 450. Niliona kwenye video ya Marekani. Maharagwe kilo 18 nimeshanunua na fundi amekata vitambaa vya vimifuko 40, kwa hiyo hapo sidhani kama naweza kubadilisha. Viti ni vile vya plastiki visivyo na mikono.

Nyonga_na_Goti
Ulichoona ni cornhole. Vimifuko vyake ni karibu gramu 450 kweli, lakini hurushwa na watu waliosimama, umbali wa mita 8.2, kwenye ubao wenye tundu la sentimita 15. Mzee aliyeketi anatosheka na gramu 100 hadi 150. Zaidi ya hapo anarusha kwa mgongo, si kwa mkono, na kiti chepesi cha plastiki kinainuka nyuma. Tafuta viti vyenye mikono, miguu ya kiti iwe na mpira, nyayo za mzee zikanyage sakafu zote mbili.

Hujajibu la kuokota.

Cherehani_Kongwe
Vitambaa havijaharibika. Kama ni sentimita 15 kwa 15, mwambie fundi apunguze hadi 12 kwa 12. Gramu 150 zitakaa vizuri humo.

Kijiti_cha_Mkongojo
Kimifuko cha karibu nusu kilo kikimpata jirani usoni, mchezo utageuka masumbwi.

Zamu_ya_Asubuhi
Sawa, wanaokota wenyewe. Niko peke yangu asubuhi. Na ndiyo, wiki jana tulipojaribu na soksi zilizojazwa mchele, mzee mmoja aliinama kuokota akaanguka, akachubuka paji la uso. Msimamizi amesimamisha mchezo hadi nimwonyeshe mpango wa usalama. Mpango ninao: nimenunua leso (kanga) sita za kuwafunga kiunoni na kiti wale wanaoyumba. Si kamba jamani, ni leso, na fundo ni jepesi. Wenyewe hawakukataa.

Nyonga_na_Goti
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Huyo mzee alipelekwa kwa daktari? Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mchubuko mdogo wa paji unaweza kuwa na damu inayovuja ndani polepole, na dalili zije baada ya siku au wiki: kichwa kuuma, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kutapika. Usingoje dalili, apimwe.

Na leso usimfunge mtu nazo. Aliyefungwa kiunoni akiteleza mbele, leso hupanda hadi kifuani au shingoni. Akisimama, anasimama na kiti cha plastiki kikiwa mgongoni. Hata anguko lenyewe hukulizuia, umelifanya baya zaidi.

Mpenda_Kete
Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee waishi kwa heshima na wasidhulumiwe. Fundo liwe jepesi au zito. Lakini tujiulize pia, watoto wao wako wapi? Zamani mzee alikaa kwake akizungukwa na wajukuu.

Zamu_ya_Asubuhi
Mzee wangu, mimi siwezi kuwarudisha kwa watoto wao. Nina mikono miwili. Nisipowafunga wataanguka, nikiacha mchezo watasinzia hadi chakula cha mchana. Nichague lipi?

Hesabu_Kali
Samahani, hadithi hii haikai. Wazee 12, vimifuko 40: kila mmoja apate vitatu vinabaki vinne. Mchezo umesimamishwa, lakini fundi "anasubiri". Nadhani fundi ndiye aliyeanzisha mjadala huu, anatafuta soko la vimifuko.

Kijiti_cha_Mkongojo
Nilijua! Kesho ataweka bei.

Zamu_ya_Asubuhi
Sina cha kuuza. Wanaorusha ni 10, kila mmoja vinne. Wawili wako kwenye viti vya magurudumu, hao nimewapa kuhesabu alama.

Hesabu_Kali
Hesabu imekubali. Naondoa shutuma.

Nyonga_na_Goti
Na wawili hao kwa nini wasirushe? Funga breki zote mbili, kunja vikanyagio nyayo ziguse chini. Mtu akiegemea mbele miguu ikiwa kwenye vikanyagio, kiti hupinduka kwa mbele. Aliyepooza upande mmoja, mkono uliopooza ulale juu ya mto, usiuvute kamwe, bega lake huchomoka kwa urahisi. Mwenye kusahau mpe neno moja na mfano: rusha. Kila baada ya mchezo kagua mishono, maharagwe yaliyochomoka huishia mdomoni na kumkaba.

Kuokota: hakuna mzee anayeokota. Weka kikapu juu ya stuli upande wa mkono unaorusha, kwenye usawa wa paja. Wapange nusu duara, watano tu kwa zamu, wengine watazame na kushangilia. Wakimaliza vimifuko vyote, wewe ndiye unayepita kukusanya. Watano mtu mmoja anawaona, kumi hapana. Hao sita wanaoyumba wasikae zamu moja.

Zamu_ya_Asubuhi
Zamu mbili naweza. Mzee nitampeleka kesho asubuhi. Ila leso dukani hawarudishi.

Cherehani_Kongwe
Tandika moja sakafuni badala ya karai. Pindo alama 5, mji 10, kimifuko kikilala juu ya jina alama 20. Aliyepata 20 asomewe jina kwa sauti, hapo utasikia mabishano ya maana yake. Chagua yenye mji wa rangi moja iliyokoza, vimifuko viwe vya manjano vionekane. Gundisha kingo zote nne kwa selotepu pana, na uitoe kabla mtu yeyote hajasimama, leso juu ya sakafu laini inateleza.

Zamu_ya_Asubuhi
Vimifuko 40 vya gramu 150 ni kilo 6. Zinabaki 12.

Kijiti_cha_Mkongojo
Githeri!

Cherehani_Kongwe
Uliza kwanza kama muuzaji aliyatia dawa ya wadudu. Kama aliyatia, usiyapike na usiyashonee ndani pia, wazee watayashika kila siku.