Jamaa wa stesheneri pale njia panda, majibu ya vipimo vya mama yangu si muvi!

Binti wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule mwenye spika mlangoni inayopiga singeli mpaka Kigamboni wanacheza. Huyo huyo.

"Kwani dada, una siri gani wewe?"

Ndilo jibu alilonipa. Foleni ya watu saba, chapati mdomoni, hata kugeuza shingo hakugeuza. Una siri gani wewe!

Wiki mbili zilizopita nilimrushia kwa simu majibu ya vipimo vya mama na salari slipu yangu aniprintie, nilikuwa naomba mkopo wa matibabu. Akaprinti, nikalipa, nikaondoka. Kumbe kwenye kompyuta yake ana programu ya kurushiana mafaili. Mteja wa muvi anaunga simu kwenye waifai ya dukani, anajichagulia mwenyewe. Badala ya kufungulia folda ya muvi peke yake, kafungulia diski nzima. NZIMA! Ukishuka chini ya muvi za Kikorea unakuta folda imeandikwa WATEJA, na humo tumo wote: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya ndoa, mikataba ya kupanga, mpaka wosia wa mzee wa watu ambaye bado yuko hai na anakunywa kahawa pale kijiweni. Hata sensa haikutupata wote namna ile.

Leo asubuhi mtoto wa jirani, yuko kidato cha pili, kanisimamisha kwa adabu zote: "Shikamoo dada. Poleni, nimeona bibi ana kansa."

Mama mwenyewe HAJAAMBIWA. Tulikuwa tunamsubiri kaka atoke Mwanza tukae naye pamoja, tumwambie taratibu. Mtoto alifuata muvi, akaondoka na ugonjwa wa mama yangu kwenye simu.

Naenda kuuliza, naambiwa una siri gani wewe, ungekuwa na siri ungekuja na flashi. Una siri gani! Mama yangu usiku halali kwa maumivu, na yeye kamweka jirani na episodi ya 12. Siri gani! Nimeshindwa hata kumtukana.

Kijana wa Temeke
Dada, pole kwa mama. Ila wewe mwenyewe ndiye uliyerusha. Ulitaka ayafungie sandukuni?

Mzaramo Halisi
Salari slipu inasomaje? Naulizia kaka yangu, bado hajaoa.

Mtoto wa Sheria
Kwa sheria za Marekani dada angeshindwa. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9 ilimkatalia mtu aliyedai faragha ya mafaili yake. Alikuwa ameweka LimeWire, programu ya kurushiana mafaili mtandaoni, kwenye kompyuta yake, folda iko wazi kwa kila mtu, polisi wakaona na kuchukua bila hati ya upekuzi. Mlango ukishaufungua umefungua.

Mama Wawili
@Mtoto wa Sheria, soma ulichoandika. Yule aliweka programu MWENYEWE kwenye kompyuta YAKE, na aliyekuwa anabishana naye ni polisi. Huyu dada kaweka programu gani? Kapeleka karatasi iprintiwe! Mlango kafungua mwenye duka.

Tena sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Mtu akikupa taarifa zake kwa kazi fulani, unazitumia kwa kazi hiyo. Habari za afya zinahesabiwa taarifa nyeti. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, malalamiko inapokea. Faragha iko mpaka kwenye Katiba, Ibara ya 16. Dada, piga skrinishoti ya ile folda leo kabla hajaifuta, andika tarehe na saa. Ila usishushe mafaili ya wengine, usije ukageuka mshitakiwa wewe.

Binti wa Mbagala
Mama Wawili, Mungu akubariki. Mimi pesa yake siitaki. Nataka ayatoe. Na lile neno alirudishe mdomoni, mbele ya wale wale watu saba. Una siri gani wewe!

Fundi Kompyuta
Tatizo la zamani hili. Enzi za LimeWire mtu anataka nyimbo, programu inamuuliza nikuwekee wapi, anaielekeza kwenye folda ya nyaraka zake. Folda hiyo hiyo ndiyo inayogawiwa kwa wote, dunia nzima inamsoma. Februari 2010 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliziandikia taasisi karibu 100 kuziambia kuwa taarifa za wateja na wafanyakazi wao zinaelea kwenye mitandao ya namna hiyo. Kama ofisi za huko zilikuwa hazijijui, sembuse jamaa mwenye chapati.

Mzaramo Halisi
Sasa nimekwenda kuhakikisha. Cheti changu cha ndoa kimo. Ya kwanza NA ya pili. Wakuu, nimekwisha.

Chui wa Chanika
Nyie mnalia mafaili? Mimi picha yangu ya pasipoti ameibandika dirishani kama tangazo, mwaka wa tatu huu. Nimenyoa, nimefuga, nimenenepa, picha iko pale pale na shati la kuazima. Mtalaka wangu anapita pale kila siku anaicheka.

Kijana wa Temeke
Bora wewe picha. Mimi alinichapia CV, kwenye uzoefu akaacha maneno ya mteja aliyetangulia. Nimeingia kwenye usaili naulizwa habari za kuzalisha wajawazito. Mimi dereva!

Chui wa Chanika
Hahahaaa, mkunga wa Temeke. Uliwajibu nini?

Binti wa Mbagala
Jamani, mama yangu.

Bibi Harusi 2
Na bei je? Kopi moja jana kanitoza mia mbili, anasema wino umepanda.

Kijana wa Temeke
Mia mbili?! Yule wa karibu na msikiti bado mia.

Bibi Harusi 2
Yule naye mashine inatia mistari.

Mtoto wa Stendi
Samahani wakuu, hiyo episodi ya 12 ina tafsiri ya Kiswahili?