Mrejesho: nimeacha nafaka, na kichwa kimeacha kuuma

Habari zenu. Mtakumbuka niliuliza kama ni kawaida kuumwa kichwa na kuishiwa nguvu siku ya nne tangu niache mkate, wali na tambi. Wengi mlisema ni upungufu wa chumvi. Nilibisha, maana miaka yote naambiwa niipunguze.

Siku ya tano niliinuka kitini, ukuta ukacheza, nikashika mlango nisianguke. Ikabidi niwasikilize. Nilichemsha supu ya mifupa, nikatia chumvi, nikanywa bakuli zima. Baada ya muda si mrefu kichwa kikawa chepesi.

Daktari alinifafanulia baadaye: wanga ukipungua, insulini (homoni inayodhibiti sukari mwilini) hushuka, na figo humwaga chumvi na maji zaidi. Kwa hiyo zile kilo 3 za wiki ya kwanza nilizojisifia zilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Wanga tunaouhifadhi kwenye ini na misuli, kila gramu hukaa na gramu 3 hivi za maji, na ukitumika maji hayo hutoka.

Ambalo sikuwaambia: natumia dawa za presha. Ilipopimwa ilikuwa imeshuka mno, dozi ikapunguzwa. Mwenye dawa za presha au sukari amwone daktari kabla ya kuanza, asifanye kama mimi.

Choo kiligoma karibu wiki nzima, mpaka nilipoongeza mboga za majani. Kusinzia baada ya mlo wa mchana kumeisha. Mkate siutamani, ila harufu yake ukiwa bado wa moto... tuache hilo. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 bado, nikikipata nitawaambia.